Ramadhani, siku ya 12: Mzigo kwanza, futari baadaye

Ndugu zangu waumini wa hapa Tabora, na nyote mnaotufuatilia kutoka Nzega, Urambo, Sikonge mpaka Kigoma na Ujiji, Mola azitakabali saumu zetu.

Kwenye darsa ya jana baada ya Alasiri tulikuwa Suratun Nahl, kuanzia aya ya 5 mpaka ya 8. Hapo Mola wetu anatuhesabia neema ya wanyama: joto la ngozi na sufi zao, chakula, na jinsi wanavyotubebea mizigo mpaka miji ambayo bila wao tungeifikia kwa taabu kubwa. Kisha anawataja farasi, nyumbu na punda. (Nyumbu hapa siyo yule wa Serengeti, ni mtoto wa punda dume na farasi jike.) Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza: Shekhe, sisi mji wetu ndio uliokuwa kituo kikubwa cha misafara, mbona basi hatuna farasi? Na hao mababu waliobeba pembe mpaka Bagamoyo, mbona walibeba vichwani?

Swali zuri. Nilijibu kwa ufupi kwa sababu Magharibi ilikuwa karibu, leo nalimalizia.

Jibu la kwanza ni mdudu. Misitu yetu ya miombo ina mbung'o, wengine mnamwita ndorobo. Akimuuma mnyama humtia vijidudu vya ugonjwa wa nagana: homa zinazokuja na kuondoka, damu inapungua, mwili unakonda huku mnyama bado anakula, mwisho anaanguka. Farasi havumilii. Ukiongeza homa ya farasi, ile inayoenezwa na visubi wa usiku wakati wa mvua na kuua farasi wengi wanaoipata, unaelewa kwa nini njia yote ile kutoka pwani mpaka Unyanyembe haikuwa na farasi.

Waliojaribu walikuwepo. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Hawakufika mbali. Wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, na alipompasua mmoja akakuta minyoo imeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Kuna kichekesho kidogo hapo: alipomzika yule farasi, mkubwa wa kijiji akadai alipwe vitambaa, kwa nini mzoga umezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akaamuru watu wake wamfukue wamwache hapohapo juu. Mzee wa watu akaona bora yaishe. Basi farasi wakaishia hapo, na msafara ukaendelea na wapagazi na punda. Punda nao wengi walianguka njiani kabla ya kuiona Tabora. Burton na Speke miaka kumi na minne kabla yake yaliwakuta hayohayo: walianza safari na punda zaidi ya ishirini, wakafika Kazeh, yaani hapahapa kwetu, Novemba 1857, na wengi wa punda hao walikwisha kufa.

Kwa hiyo mzigo ulibaki kichwani na begani kwa Mnyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miezi mitatu hivi. Wajukuu zao ndio sisi. Nadhani mji wa watu waliobeba kiasi hicho ungetakiwa kuwa mji wa kwanza kumhurumia anayebeba.

Jibu la pili kwa yule kijana ndilo ninalotaka tukae nalo leo. Farasi hatuna, lakini kati ya wale watatu waliotajwa kwenye aya tunaye mmoja, naye tunapishana naye kila siku njiani amebeba maji, mkaa, matofali, magunia ya mahindi, tumbaku. Na tofauti na farasi, aliyetokea kwenye nyika za Asia, punda asili yake ni bara letu hili. Punda mwitu wapo mpaka leo, wachache, huko pembe ya Afrika. Nagana na ile homa ya farasi huzistahimili kuliko farasi, ingawa nagana nayo humuua akiwa amechoka, ana njaa na amejaa minyoo.

Hapo pa "akiwa amechoka" pana kisa cha kuzingatiwa. Livingstone, ambaye wengi mmefika kwenye tembe lake pale Kwihara, safari yake ya mwisho hakuianzia njia yetu. Alianzia kusini, Mikindani, mwaka 1866. Alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kujua ni mnyama gani anayeweza kuvumilia mbung'o. Lingekuwa jambo la manufaa kwa nchi nzima. Wanyama wakaanza kufa. Lakini askari aliowapa kazi ya kuwachunga walikuwa wakiwapiga, wakiwazidishia mizigo na kuwaacha na vidonda vibichi, mpaka yeye mwenyewe hakuweza kusema nani kaua, mdudu au fimbo. Jaribio zima likaharibika.

Ndugu zangu, hali hiyo tunayo mpaka leo. Punda wa mtu akifa utasikia "maradhi tu, kazi ya Mungu". Ni kweli ajali iko kwa Mungu. Lakini kuna vifo vingine ukimwangalia mnyama shingoni na mgongoni unaona alama za mikono ya nani.

Tunayo methali yetu: shukrani ya punda ni mateke. Tunaisema kwa mtu aliyetendewa wema akalipa ubaya, na kwa binadamu sina ugomvi nayo. Kwa punda mwenyewe naona tumemdhulumu. Punda hana namna nyingi za kusema. Farasi akiogopa hukimbia, kila mtu anaona kaogopa. Punda akiogopa husimama. Anaganda, anaangalia, anapima. Sisi tunamwita mkaidi, tunashusha fimbo, na sasa ana mambo mawili ya kuogopa, lile aliloliona mbele na wewe uliye nyuma. Akifikia kurusha teke, ujue ameshasema kwa njia nyingine mara nyingi hukumsikia: masikio yamelala nyuma, mkia unapigapiga, mwili umekakamaa ukigusa mahali pamoja. Mara nyingi mahali hapo pana kidonda chini ya matandiko.

Tena anaficha maumivu. Ng'ombe akiumwa atalala, mbuzi atalia. Punda atasimama kimya, na wewe utasema huyu mzima. Mwangalie vizuri: amejitenga na mwenzake, macho nusu yamefumba, anatafuna polepole au nyasi zinamdondoka mdomoni. Punda aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa, usingoje kesho, mwite afisa mifugo.

Sasa twende kwa Masahaba. Anas bin Malik, radhi za Allah zimshukie, amesimulia kwamba walipokuwa safarini wakifika kituo walikuwa hawasali sala zao za sunna mpaka wawe wamewafungulia wanyama mizigo yao. Hadithi hii iko kwa Abu Dawud. Itazame tena. Watu wametoka jangwani, wamechoka kuliko mnyama wao au sawa naye, wanatamani kusimama mbele ya Mola wao, na wanajua kuna kiumbe nyuma yao hajapumzika. Wanamfungua kwanza.

Na sisi hapa mjini saa kumi na mbili jioni inakuwaje? Kila mmoja wetu ameona. Mkokoteni unakimbizwa barabarani, mchungaji anataka awahi adhana, fimbo haipumziki. Anafika nyumbani, anamfunga punda kwenye mti na nira bado shingoni, anaingia ndani. Uji, tende, mihogo, maji baridi. Kisha Magharibi, kisha kaegemea kidogo, kisha Isha na Tarawehe. Punda anafunguliwa saa tatu usiku. Ameshinda bila maji tangu asubuhi kwa sababu mwenyewe alikuwa amefunga na hakuwa na haja ya kusimama bombani. Kwa maneno mengine tumemfungisha saumu, na futari yake tumeichelewesha.

Najua mtu ataniambia kuharakisha kufuturu ni sunna. Ndiyo. Tende tatu na funda la maji ni dakika moja, futuru ukiwa hapohapo barabarani. Nira kuitoa ni dakika mbili, ndoo ya maji dakika nyingine. Kinachosubiri ni ule mlo, na mlo hauna haraka hiyo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliingia shamba la mmoja wa Answari Madina, ngamia alipomwona akatokwa na machozi. Akamfuta, ngamia akatulia. Akauliza mwenyewe ni nani, akamkumbusha amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, maana ngamia amemshitakia kwamba anamshindisha njaa na kumchosha kazi. Angalieni mashitaka yalivyo: njaa na kuchoshwa. Na imepokewa kwa Muslim kwamba alimpita punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyemfanya hivyo. Yeye mwenyewe alipanda punda, na Muadh bin Jabal akakaa nyuma yake. Mnyama aliyepandwa na Mtume tusimfanye tusi la mtaani.

Mafaqihi wetu wa Kishafii wamelifikisha mbali zaidi ya tunavyodhani. Kumlisha na kumnywesha mnyama ni wajibu juu ya mwenyewe, akishindwa anatakiwa amuuze kwa atakayeweza. Na hili wengi hawalijui: ukiwa na maji ya kutosha udhu tu, na mnyama wako ana kiu, maji ni ya mnyama, wewe unatayamamu. Udhu wa sala ya faradhi unampisha punda mwenye kiu. Basi sisi tunaopita na bomba linatiririka tunasemaje?

Kuna mwingine atasema hataki kumgusa punda kabla ya sala, atanajisika. Jasho la punda na mate yake ni tohara katika madhehebu yetu. Mkojo na kinyesi ndivyo najisi, hivyo utaosha. Kumpapasa shingo hakuvunji chochote.

Sasa mambo ya mikono, kwa wenye punda na kwa vijana wanaoajiriwa kuwachunga.

Maji kwanza. Punda wetu anayefanya kazi juani anahitaji lita 15 mpaka 25 kwa siku, yaani ndoo moja kubwa au zaidi, na siyo kwa mkupuo mmoja wa usiku. Mpe alfajiri unapoamka kula daku, mpe katikati ya kazi, mpe ukirudi. Maji yawe safi, punda huchagua, yakinuka anayaacha na utadhani hana kiu. Misafara ya zamani ilijua jua la nchi hii. Iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla au karibu na adhuhuri. Nanyi Ramadhani hii mkiweza fanyeni mizigo mizito asubuhi, saa sita mpaka saa tisa mnyama awe kivulini. Wewe mwenyewe uliyefunga utashukuru.

Mzigo. Punda wetu wengi ni wadogo, kilo 120 mpaka 150. Mgongoni asizidi kilo 40 au 50, yaani gunia la mahindi la kilo mia halimo kabisa hata kama anasimama nalo. Kwenye mkokoteni anavuta zaidi, lakini mkokoteni wenyewe uwe na matairi yenye upepo na usielemee mbele wala nyuma.

Hapa kwenye mkokoteni nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vidonda vingi vinapotoka. Watu wengi wanamfunga punda nira ya ng'ombe, ule mti wa kulala juu ya shingo. Ng'ombe ana nundu, nira inaegemea nundu na anasukuma. Punda nundu hana. Mti unalala juu ya mfupa wa shingo, unasaga ngozi, na kila hatua unasaga zaidi. Nguvu ya punda iko kifuani. Anatakiwa avute kwa mkanda mpana unaopita mbele ya kifua, chini ya koo ili usimkabe, juu ya maungio ya miguu ya mbele ili usimzuie kupiga hatua. Mkanda uwe wa upana wa kiganja au zaidi, wa ngozi laini au magunia ya katani yaliyokunjwa na kushonwa. Mpira wa tairi uliokatwa na kamba ya nailoni vinachoma na kukata, viache. Fundi viatu yeyote wa sokoni anaweza kukushonea mkanda huo. Si gharama ya kumshinda mtu anayeingiza hela kila siku kwa punda huyohuyo.

Kidonda kikishatokea, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tia chumvi kidogo, na mpumzishe mpaka kipone. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa yenyewe. Jamani, oili chafu ya gari siyo dawa, na maji ya betri ni kumchoma mnyama wa Mungu akiwa hai. Muulize pia afisa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda, maana punda huupata upesi sana kupitia vidonda vichafu. Ugonjwa wenyewe Kiswahili kimeupa jina lake! Dawa ya minyoo nayo apewe kwa kipimo cha uzito wake, usikisie.

Mwaka ambao Ramadhani inatuangukia ndani ya mvua, kama miaka hii, kuna mambo mawili zaidi. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Akinyeshewa usiku kucha anapata homa ya mapafu, mtengenezee hata paa la nyasi. Na kwato zikikaa kwenye tope siku nzima zinaoza kwa ndani. Kila jioni inua mguu, toa uchafu kwa kijiti butu, nusa. Kwato inayonuka vibaya inahitaji kutibiwa. Zikirefuka, atafutwe anayejua kuzipunguza, kila miezi miwili hivi.

Kuhusu kuzoeana naye. Usimwendee kutoka nyuma kimya. Mwite, apate kukusikia, umguse kwanza shingoni au begani. Mpe jina na utumie hilohilo. Anayemchunga awe mmoja, siyo kila siku kijana mpya mwenye fimbo mpya. Akisimama kwenye daraja au dimbwi, mwache aangalie, wewe tangulia mbele na kamba imelegea. Mara nyingi atakufuata ndani ya dakika moja, na kesho yake hatasimama tena hapo. Kumbukumbu ya punda ni kubwa, ya wema na ya ubaya. Kila siku mpe nafasi agaegae mavumbini baada ya kufunguliwa, ndiyo raha yake na ndivyo anavyojisafisha. Na kama unao wawili waliokua pamoja usiwatenganishe hovyo. Punda akiondolewa mwenzake huweza kususa chakula mpaka kumdhuru.

Jike mwenye mimba hubeba kama miezi kumi na miwili. Miezi mitatu ya mwisho apumzishwe kuvuta. Mtoto wake asiwekwe kazini kabla ya miaka mitatu, minne ni bora. Ukimharakisha unamvunja mgongo. Punda aliyetunzwa anafika miaka 25 na zaidi. Wetu wengi hawafiki nusu yake.

Wapo waliowahi kushawishiwa kuuza punda wao kwa ajili ya ngozi, zile zilizokuwa zikipelekwa China kutengenezwa dawa. Tulishuhudia machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga, na wizi wa punda vijijini. Serikali ilipiga marufuku, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Akija mtu usiku kukuulizia punda mzee "anayekula bure", ujue anakuja kwa lipi. Nyama yake Mtume aliiharamisha siku ya Khaybar. Huyu mzee aliyekusomeshea watoto kwa maji ya ndoo, mwache ale nyasi.

Tangazo dogo: kuanzia leo kuna pipa lililokatwa nusu, limewekwa nje ya ukuta wa msikiti upande wa bomba la kutawadhia. Linajazwa maji safi mara mbili, baada ya Adhuhuri na kabla ya Magharibi. Ni la punda wa mtu yeyote, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Tunaomba watu msioshee miguu humo, na vijana wawili wa kujitolea kulisugua kila Ijumaa. Majina mpeni muadhini.

Kesho inshaallah tunaendelea na aya ya 9. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullah.